Kuchora mandhari yenye kina, na mtu aliyesimama ndani yake kweli

Maswali huwa ni yale yale. Mbona mlima wangu unaonekana umebandikwa? Mbona huyu mtu anaelea? Nimepaka rangi kwa uangalifu wote, picha bado bapa, nimekosea wapi? Anayeuliza huwa anaulaumu mkono wake, na mara nyingi mkono hauna kosa lolote. Alianza kupaka kabla ya kuamua mambo mawili: anatazama kutoka wapi, na yule mtu ana uhusiano gani na ardhi anayoikanyaga. Wengi hupaka mandhari nzima kwanza, ikikauka wanatafuta pa kumchomeka mtu. Hapo ndipo picha inapokufa.

Mwongozo huu ni wa picha moja: mandhari ya wazi, mtu mmoja, rangi za akriliki. Akriliki inakauka haraka, inasafishwa kwa maji, na ukiharibu unafunika. Kama unatumia rangi za mafuta, hatua ni hizi hizi, ila itabidi usubiri zaidi kati ya tabaka na tabaka, na vifaa vya kusafishia ni vingine.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kanvasi au ubao uliopakwa geso (rangi nyeupe ya msingi inayoishikisha rangi), wa sentimita 40 kwa 50 hivi. Ukichukua mdogo zaidi, mtu wa mbali atageuka doa.
- Rangi tano: nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, kahawia ya sienna iliyochomwa, njano ya udongo na nyekundu moja iliyokolea. Nyeusi iache dukani. Ultramarini na sienna zikichanganywa zinatoa giza zuri kuliko nyeusi ya tyubu, na giza hilo unaweza kulivuta kwenye ubaridi au kwenye joto upendavyo.
- Brashi tatu: bapa pana ya sentimita 3 au 4, bapa ya sentimita 1, na moja nyembamba yenye ncha.
- Vyombo viwili vya maji, vitambaa vikuukuu, chupa ya kunyunyizia maji, na sahani pana ya kuchanganyia rangi. Pana kweli. Ukibanwa kwenye sahani, rangi zako zote zitakuwa tope.
- Penseli, rula ndefu, na karatasi za kujaribia.
- Michoro au picha za mahali ulipowahi kusimama wewe mwenyewe.

Hapo mwisho pana mtego. Kamera ya simu kwa kawaida ina lenzi pana, na lenzi pana inayafanya ya mbali yaonekane madogo kuliko macho yako yalivyoyaona. Mlima uliokushtua pale ulipokuwa unakuwa kichuguu kwenye simu. Tumia picha kukumbuka maumbo na mwanga, lakini ukubwa uchukue kwenye kumbukumbu yako au kwenye mchoro uliouchora papo hapo.

Tahadhari moja ya afya: nyekundu na njano za kadimiamu halisi zina madini yenye sumu. Usilambe brashi kuinyoosha ncha, na usizisugue kwa msasa zikikauka.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja yenye kitenzi

Kabla ya mstari wowote, andika nyuma ya karatasi huyu mtu anafanya nini na mahali hapa. "Binadamu na mazingira" haitoshi, hicho ni kichwa cha habari. Andika "anapita tu, pori halimjui." Au "ndiye aliyeufyeka huu mlima." Au "anayasubiri maji yanayozidi kwenda mbali." Kitenzi ndicho kitakachokuambia mtu awe na ukubwa gani, asimame wapi, na awatazame watazamaji au awape mgongo.

Tazama wenzetu walivyoamua. Fan Kuan, mchoraji wa China wa karibu mwaka 1000, alichora kwenye hariri yenye urefu wa zaidi ya mita 2. Mlima mmoja umejaza sehemu kubwa ya picha, na wasafiri na wanyama wao wa mizigo wako chini kabisa upande wa kulia, wadogo kiasi kwamba unaweza kuwapita usiwaone. Caspar David Friedrich wa Ujerumani, kati ya 1808 na 1810, alimweka mtawa mmoja ufukweni mbele ya bahari tupu na anga kubwa. Uchunguzi wa picha hiyo umeonyesha kwamba mwanzoni kulikuwa na merikebu baharini, akazifuta. Kwa hiyo utupu ule haukujitokeza wenyewe, aliufanyia kazi. Turner wa Uingereza, mwaka 1844, alichora treni ikikata mvua juu ya daraja, na mbele yake relini akaweka sungura mdogo anayekimbia. Hapo mtu haonekani vizuri hata kidogo, lakini unajua nani anamkimbiza nani.

Ukishindwa kuandika sentensi, usianze. Kanvasi ni ghali.

Hatua ya 2: Weka mstari wa upeo

Upeo wa macho uko daima kwenye kimo cha macho yako. Ukikaa chini unashuka, ukipanda juu unapanda nawe. Basi ukiuchora mstari huo unamwambia mtazamaji amesimama wapi.

Upeo wa chini unaipa anga nafasi na kumfanya mtu wa karibu aonekane mrefu, kichwa chake mawinguni. Upeo wa juu unaifungua ardhi: mashamba, njia, vijito, visiki vyote vinaonekana, na mtu anakuwa kitu kimoja kati ya vingi. Kama sentensi yako inahusu uharibifu wa ardhi, upeo wa juu utakusaidia zaidi, kwa sababu ardhi ndiyo yenye ushahidi. Guo Xi, mchoraji mwingine wa China wa karne ya 11, alitaja umbali wa aina tatu: wa kuinua macho toka chini ya mlima hadi kileleni, wa kupenya toka mlima wa mbele hadi iliyo nyuma yake, na wa kutazama mbali kwa usawa. Chagua mmoja. Kuichanganya kwenye picha moja kunataka uzoefu.

Kosa la kawaida: kuugawa mchoro katikati kabisa, nusu anga na nusu ardhi. Yapo mandhari yanayolihimili hilo, ila anayeanza hufanya hivyo kwa kutoamua tu.

Hatua ya 3: Michoro midogo ya toni tatu

Chora vijichoro vinne au vitano vya sentimita 6 kwa 8, kila kimoja kwa toni tatu tu, yaani viwango vitatu vya mwanga na giza: nyeupe ya karatasi, kijivu, na giza. Usichore majani, usichore uso. Hamisha mtu huku na kule. Msogeze pembeni, mpunguze, mweke nyuma ya kitu. Chagua kile ambacho ukikitundika ukutani na kurudi nyuma hatua kadhaa bado unakielewa. Kazi ya dakika ishirini hivi, na watu wengi huiruka. Utawajua kwa picha zao.

Hatua ya 4: Mpime mtu kwa upeo

Hapa ndipo watu wanaoelea wanapozaliwa, kwa hiyo soma polepole.

Tuseme umesimama kwenye tambarare na macho yako yako mita 1.6 kutoka ardhini. Upeo utamkata kila mtu aliyesimama kwenye tambarare hiyo kwa urefu ule ule wa mita 1.6, awe karibu au awe mbali. Kwa mtu wa kimo chako, mstari unapita machoni pake. Vichwa vya watu wazima wote vitajipanga karibu na upeo, na zitakazotofautiana ni nyayo: wa karibu nyayo zake ziko chini kwenye kanvasi, wa mbali zinapanda kuukaribia upeo.

Kwa hiyo ukishaamua nyayo ziko wapi, huna tena uhuru wa kukisia kimo. Nyayo zikiwa sentimita 6 chini ya upeo, sentimita 6 hizo ndizo mita 1.6. Mti wa mita 4.8 ulio pale pale kando ya mtu utakuwa sentimita 18. Mtu aliye mbali mara mbili ya huyo, nyayo zake zitakuwa sentimita 3 chini ya upeo, na kimo chake nusu.

Ukitazama kutoka juu, hesabu ni ile ile. Macho yakiwa mita 8 juu ya uwanda, umbali toka ardhini hadi upeo ni mita 8 popote unapoweka nyayo. Mtu wa mita 1.6 ni moja ya tano ya hapo. Nyayo zikiwa sentimita 10 chini ya upeo, mtu ni sentimita 2. Mdogo, ndiyo. Wengi wakifika hapa wanamwonea huruma wanamwongeza, na papo hapo anakuwa jitu lililokanyaga mashamba.

Angalia: kanuni hii ni ya ardhi iliyo sawa. Mtu akiwa juu ya kilima au ndani ya bonde, mpime kwanza kama yuko kwenye tambarare kwa umbali huo, kisha mpandishe au mshushe bila kumbadilisha kimo.

Hatua ya 5: Rangi ya chini

Changanya sienna na maji mpaka iwe nyepesi, ipake kanvasi yote, ifute kwa kitambaa mpaka weupe usiumize macho tena. Ikikauka, chora mistari mikuu kwa brashi nyembamba: upeo, vilima, mtu. Penseli nzito hujitokeza chini ya rangi nyepesi za mbali, itumie kwa wepesi au usiitumie.

Hatua ya 6: Toka mbali, njoo karibu

Hewa haiko wazi kabisa. Kati yako na kilima cha mbali kuna hewa nyingi, na hewa hiyo hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Giza la kilima linajazwa na mwanga huo, ndiyo maana cha mbali kinapauka, kinaelekea kwenye buluu, na tofauti kati ya mwanga wake na kivuli chake inapungua. Hiyo ndiyo nadharia yote unayohitaji.

Kwa vitendo, anza na kile ninachokiita rangi ya hewa: rangi ya anga pale inapogusana na upeo. Weka nyeupe kiasi cha kijiko kidogo, tia ultramarini kidogo kama punje ya harage, kisha ncha ya brashi ya sienna ili buluu isipige kelele. Tengeneza nyingi. Nyunyizia maji isikauke.

Sasa tengeneza rangi ya kilima cha karibu jinsi ilivyo, tuseme kijani cha kahawia kutokana na ultramarini, njano ya udongo na sienna. Kata fungu lake mara nne. La kwanza liache. La pili litie rangi ya hewa robo. La tatu nusu. La nne litie mpaka kilima kibaki kidogo tu ndani ya hewa. Yapake yote manne kwenye karatasi, moja kando ya jingine, yaache yakauke. Utaona mawili yanayofuatana yamekaribiana mno. Yatenganishe: lile la mbali liongeze hewa. Hayo manne ndiyo tabaka zako za ardhi, na kwa kuwa yote yana chembe ya anga ndani yake, hayatagombana.

Paka anga kwanza, kisha fungu la nne, la tatu, la pili, na la kwanza mwisho. Brashi pana kwa mbali, hata ukijiona mzembe. Kingo za mbali ziwe laini, za karibu ndizo zikate.

Angalia mambo mawili. Akriliki hukauka ikiwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo tabaka za mbali zipake zikiwa na weupe zaidi kuliko unavyodhani inafaa. Pili, buluu si amri. Jioni, au kwenye vumbi na moshi, hewa ya upeo inakuwa ya njano, ya waridi, hata ya kahawia, na vilima vya mbali vinafuata rangi hiyo. Kama sentensi yako ina moshi ndani yake, hapa ndipo moshi unapoingia: katika rangi ya hewa yenyewe, ukagusa kila kitu, akiwemo mtu. Moshi uliochorwa peke yake kama wingu pembeni hauaminiki.

Hatua ya 7: Mpake mtu pamoja na ardhi yake

Usimwache mpaka mwisho. Tabaka aliyosimama ikiwa bado inapakwa, naye apakwe. Tumia mafungu yale yale ya rangi, ukiongeza nyekundu au njano kidogo pale penye ngozi au nguo. Kama amesimama kwenye tabaka ya tatu, naye ana hewa nusu, hata kama shati lake ni jekundu.

Anza na umbo lote kwa toni moja ya kati, kisha upande wa kivuli, kisha mwanga. Kimo cha mtu mzima ni vichwa 7 hadi 7.5. Wanaoanza huchora vichwa vikubwa, mtu mzima akawa mtoto. Mtu wa sentimita 6 ana kichwa cha milimita 8 hivi, na kichwa cha milimita 8 hakina haja ya macho wala pua. Mkao ndio unaosema: uzito uko mguu gani, mabega yameinama au la, mikono imeshika nini.

Nyayo zitazame kwa karibu. Pale kisigino kinapogusa udongo pana mstari mwembamba wa giza, mzito kuliko kivuli chenyewe, na pasipo huo mtu anaelea. Uweke kwa brashi ya ncha. Kutoka hapo kivuli kinalala juu ya ardhi, kikifuata mabonde na matuta yake, na kinaelekea kule kule vinakoelekea vivuli vya miti. Kama kuna majani, machache yapite mbele ya viatu. Kama kuna mchanga mwekundu, rangi yake irudi kidogo kwenye pindo la nguo na chini ya kidevu. Halafu tafuta sehemu moja ya mwili ambayo toni yake inakaribiana na ya nyuma yake, ufifishe kingo zake hapo mpaka ziyeyuke. Mtu aliyekatwa kwa mstari mkali mzunguko mzima amebandikwa, basi.

Hatua ya 8: Alama moja ya mkono wa binadamu

Kisiki, uzio, bomba, njia iliyokanyagwa, nguzo za umeme. Chagua moja. Wapo wanaojaza plastiki, mashine, mnara na moshi kwenye picha moja, na picha inageuka bango la kampeni. Alama moja iliyowekwa pahali pake inatosha kumfanya mtazamaji aulize.

Nguzo na uzio zina faida ya ziada, zinapima umbali. Ila usizipange kwa nafasi sawa kwenye kanvasi. Fanya hivi: chora nguzo mbili za kwanza, unganisha vilele vyao kwa mstari unaokwenda kukutana na upeo, na vitako vyao vivyo hivyo. Tafuta katikati ya nguzo ya pili. Kutoka kilele cha nguzo ya kwanza, pitisha rula katikati ya nguzo ya pili mpaka iukute mstari wa vitako. Hapo ndipo nguzo ya tatu inaposimama. Rudia.

Hatua ya 9: Mbele, na kuacha

Sehemu ya mbele kabisa ipate giza lililokolea na mipigo michache mikavu ya brashi. Usichore kila jani. Itazame picha kwenye kioo, makosa ya mizani yatajitokeza. Rekebisha toni tu, kisha weka brashi chini.

Hatua ya 10: Maji machafu

Akriliki ni plastiki iliyomo ndani ya maji. Kuchora picha ya kuutetea mto kisha kumwaga maji ya brashi kwenye mtaro ni kituko. Futa brashi kwa kitambaa mpaka isitoe rangi ndipo uiingize majini. Maji machafu yaache usiku kucha, tope litashuka chini. Mimina ya juu taratibu kwenye sinki, tope liache likauke, litupe pamoja na taka ngumu. Sahani nayo usiioshe na rangi mbichi, iache ikauke ubandue.

Ikienda kombo

*Picha bado bapa.* Ipige picha kwa simu, uigeuze isiyo na rangi. Kama tabaka ya mbali ina giza sawa na la mbele, umepata jibu. Changanya rangi ya hewa na maji mengi, ipake kama utando mwembamba juu ya tabaka za mbali, ikauke, tazama tena.

*Mtu anaelea.* Kagua kwa mpangilio huu: kimo kwa hesabu ya hatua ya 4, giza la kisigino, uelekeo wa kivuli. Mara nyingi huhitaji kufika la tatu.

*Rangi zimekuwa tope.* Umechanganya zaidi ya tatu kwa mara moja, au maji ya kusuuzia yamechafuka. Chombo cha kwanza ni cha kuosha, cha pili cha kusuuza, usivichanganye.

*Kijani kinapiga kelele.* Tia nyekundu kidogo sana. Usitie nyeusi.

*Anga ina michirizi ya brashi.* Rangi ilikauka ukiwa katikati. Lowesha kanvasi kwa chupa ya kunyunyizia, tengeneza rangi ya kutosha kabla, upake tena anga yote kwa mkupuo mmoja. Usiweke viraka.

*Mtu yupo lakini hasemi kitu.* Mfunike kwa kidole. Kama picha haijapoteza chochote, hayuko mahali pake. Mfute kwa rangi ya tabaka aliyosimama, rudi kwenye vijichoro vya hatua ya 3, jaribu kumpunguza kabla ya kujaribu kumwongeza.

*Sehemu nyingine zinang'aa, nyingine zimefifia.* Ni unene wa rangi na kiasi cha maji vinavyotofautiana. Picha ikishakauka kabisa hadi ndani, tabaka moja ya vanishi ya akriliki italeta usawa. Ipake picha ikiwa imelala, kwa brashi pana, na usirudie mahali palipoanza kushika.